Maswali ya Wafugaji: Banda la kuku la kujenga uani Dar es Salaam

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu ujenzi wa banda la kuku katika ua wa nyumba. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu mambo yaliyomo yanawahusu wasomaji wengi wa jiji hili wanaojiandaa kumwita fundi.

Swali: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tabata Segerea pamoja na mke wangu na wajukuu wawili. Nyuma ya nyumba yangu kuna eneo tupu la mita 6 kwa mita 9, lililozungukwa na ukuta wa tofali, na nimeamua kufuga kuku chotara 50 kwa ajili ya mayai ya nyumbani na ziada ya kuwauzia majirani. Nina michoro mitatu mbele yangu. Wa kwanza nimeuchora mwenyewe kwa kufuata banda nililokuwa nalo nilipokuwa nafundisha Njombe: kuta za tofali hadi kwenye paa, mlango mmoja na dirisha dogo, nalo lilinifaa kwa miaka mingi. Wa pili ni wa fundi wangu, ambaye anashauri banda la kuegemeza kwenye ukuta wa magharibi wa uzio ili kuokoa gharama ya ukuta mmoja, na ndani yake vizimba vya wavu vya ghorofa tatu ili kuku wote 50 waenee. Wa tatu ni picha niliyotumiwa na mwanangu, ya kibanda cha mbao chenye magurudumu kinachosukumwa juu ya majani kila asubuhi. Nieleze pia kwamba wakati wa masika maji hutuama uani kwa siku kadhaa, kwamba kuna mwembe mkubwa kwenye pembe ya magharibi, na kwamba dirisha la chumba cha kulala cha jirani liko ng'ambo tu ya ukuta wa kusini. Wezi wa kuku nao wapo mtaani kwetu. Je, nijenge lipi?
— *Mwalimu mstaafu, Tabata Segerea*

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Tunakushukuru kwa kutueleza ua wako ulivyo, kwa sababu wengi wanaotuandikia hutaja idadi ya kuku na kiasi cha fedha walicho nacho, lakini hawasemi jua linatokea upande gani wala maji yanasimama wapi, na bila hayo mtu hawezi kushauri banda kwa uhakika. Jibu letu ni kwamba usijenge hata moja kati ya hayo matatu kama yalivyochorwa. Jenga banda la sakafu moja lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye kuta fupi za tofali na wavu imara hadi kwenye paa kwa pande mbili ndefu, na anza na kuku 35 badala ya 50. Ruhusu tukueleze sababu.

Banda lako la Njombe lilikuwa zuri kwa Njombe. Kule juu, ambako usiku wa Juni na Julai baridi hupenya hadi kwenye mifupa, kazi ya kwanza ya banda ni kuhifadhi joto la kuku wenyewe, na kuta zilizozibwa zenye dirisha dogo hufanya kazi hiyo vizuri. Hapa Dar es Salaam, usawa wa bahari, kazi ya kwanza ya banda ni kuliondoa joto hilo. Joto la mwili wa kuku ni kati ya nyuzi 41 na 42 za Selsiasi, naye hana tezi za jasho, kwa hiyo njia yake kuu ya kujipoza ni kuinua mabawa na kuhema kwa mdomo wazi ili maji yakauke kutoka kwenye njia zake za hewa. Ukiingia bandani mchana wa Februari utaona jambo hilo kwa macho. Hewa yetu ya pwani tayari imebeba unyevu mwingi, na hewa yenye unyevu hukausha polepole, hivyo kuku wa Dar huhema kwa nguvu zaidi na hupoa kidogo kuliko kuku wa Dodoma aliye katika joto lile lile. Akihema hivyo kwa saa nyingi hupunguza kula, na wakati huo huo hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi kutoka kwenye damu, jambo linalopunguza kabonati inayohitajika kujenga ganda la yai. Ndiyo maana wafugaji wengi wa jiji hili hulalamika kila mwanzo wa mwaka kwamba mayai yamepungua na maganda yamekuwa mepesi, wakabadilisha chakula mara mbili na tatu, ilhali kasoro iko kwenye kuta.

Joto si tatizo pekee la banda lililozibwa. Kinyesi cha kuku kikikaa kwenye matandiko yenye unyevu hutoa amonia, hewa kali inayochoma macho na kuharibu njia za kupumulia, na kuku aliyechomwa hivyo huwa mwepesi kushikwa na mafua. Vimelea vya koksidia, ambavyo husababisha kuhara damu, hutoka na kinyesi vikiwa bado havijaweza kuambukiza, na huhitaji joto pamoja na unyevu ili vikomae. Joto tunalo mwaka mzima na hatuwezi kuliondoa, kwa hiyo kinga iliyobaki mikononi mwa mfugaji wa pwani ni kuzuia unyevu, na unyevu huondolewa na upepo.

Tukija kwenye mchoro wa fundi, kuegemeza banda kwenye ukuta wa magharibi kutaokoa tofali, lakini kutaliweka banda likilala kaskazini na kusini, huku upande wake mrefu uliobaki wazi ukitazama mashariki. Jua la asubuhi litaingia hadi ndani, na mchana ukuta wa uzio utapashwa joto na jua la alasiri kisha utaendelea kulitoa ndani ya banda hadi usiku, wakati kuku wanapohitaji kupumzika. Zaidi ya hayo, banda lililoegemea ukuta halipitishi hewa. Upepo unaoingia upande mmoja na kukosa pa kutokea upande wa pili hauondoi chochote. Tunakushauri uligeuze banda lilale mashariki na magharibi, ili kuta fupi mbili zilizozibwa ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, na pande ndefu zilizo wazi zitazame kaskazini na kusini. Mpangilio huo unakubaliana pia na pepo zetu. Kaskazi, inayovuma tangu karibu na Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki, na kusi, inayotawala miezi ya katikati ya mwaka, hutoka kusini-mashariki. Zote mbili zitaupata ubavu wa banda lako.

Vizimba vya ghorofa tatu hatuvipendekezi, ingawa tunajua vinauzwa sana na vinaonekana nadhifu. Vilibuniwa kwa kuku wepesi wa mayai katika majengo marefu yenye feni, ambamo kinyesi huondolewa kila siku. Kuku chotara ni wazito na wachangamfu, na wakiwekwa katika kizimba cha juu, karibu na bati, hukaa penye joto kali kuliko mahali pengine pote bandani. Kuku wa chini nao huishi chini ya kinyesi cha wenzao ikiwa trei hazikusafishwa kila asubuhi. Tena, kuku asiyeweza kuparua wala kuoga vumbi hugeuza mdomo wake kwa jirani, na kudonoana kukianza ni vigumu kukukomesha. Hoja ya fundi kwamba wote 50 wataenea ni ya kweli kwa hesabu ya nafasi tu. Kwa hesabu ya hewa hawaenei.

Kibanda cha magurudumu alichokutumia mwanao ni kizuri mahali penye majani mengi, na msomaji mwenye nusu ekari Chanika au Kigamboni anaweza kukifikiria. Katika ua wa mita 6 kwa 9 wenye udongo wa kichanga kama wa Tabata, kuku watamaliza majani yote katika wiki chache, na masika yakija kitazama kwenye tope. Mshukuru kijana kwa kukufikiria, lakini kibanda hicho kiache.

Sasa banda tunalolipendekeza. Liwe na urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5, yaani eneo la mita 10 za mraba. Kwa kuku wanaoshinda ndani, kiwango salama katika joto letu ni kuku wakubwa wanne kwa mita moja ya mraba, na hapo ndipo tulipoanzia hesabu yetu. Tumepunguza hadi 35 ili ubaki na nafasi ya vyombo na ya kutenga mgonjwa. Tungependa wafugaji wote waanze na eneo ndipo wafikie idadi, kwa sababu anayeanza na idadi huishia kulibana eneo. Acha mita 1 kati ya banda na ukuta wa magharibi, na mita 2 kati ya banda na ukuta wa kusini. Nafasi hiyo ya kusini usiione kuwa ni hasara: ukuta wa uzio hukinga upepo, na banda likikaa karibu nao sana kusi itapita juu ya paa bila kuingia ndani. Nafasi hiyo hiyo ndiyo itakayomstahi jirani yako. Upande wa mashariki wa banda zungushia wavu upate uwanja wa mita 4 kwa 2.5, ambamo kuku watatoka asubuhi na jioni, wataoga vumbi na kupigwa na jua kidogo.

Kabla ya kuchimba msingi, subiri mvua kubwa inyeshe, kisha chora alama kwenye ukuta mahali maji yalipofika. Sakafu ya banda iwe juu ya alama hiyo kwa angalau sentimita 30. Jaza kifusi, kishindiliwe sawasawa, kisha umwage zege na kuipiga lipu laini yenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe. Hili ndilo jambo ambalo hatutaki ulipunguze hata ukibanwa na gharama. Bati linaweza kubadilishwa baadaye na wavu unaweza kuongezwa, lakini sakafu iliyojengwa chini ya maji haitengenezeki bila kubomoa.

Juu ya sakafu, pande ndefu ziwe na kozi mbili tu za tofali la kawaida la saruji, yaani kama sentimita 45. Mafundi wengi watataka kupandisha kozi nne au tano, kwa sababu wamezoea kujenga madirisha ya watu. Kuku hukaa chini. Ukuta wa mita moja utampitishia upepo mtu aliyesimama, huku kuku aliyelala kwenye pumba akibaki katika hewa iliyosimama. Kuta mbili fupi, ya mashariki na ya magharibi, zizibwe kabisa hadi juu, na mlango uwe kwenye ukuta wa mashariki, ukitokea uwanjani.

Hapa ndipo swali lako la wezi linapoingia, nasi tunalichukulia kwa uzito, kwa kuwa wafugaji wengi wameacha kazi hii baada ya usiku mmoja tu. Usalama na hewa vinaweza kukaa pamoja. Kuanzia juu ya tofali hadi kwenye paa weka fremu ya nondo kama ya dirisha la nyumba, iliyofungwa ndani ya nguzo, kisha juu yake utandaze wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi. Wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii adui asiingie: paka na kicheche huuchana, na panya pamoja na nyoka hupita kwenye tundu la inchi moja bila shida. Kama fedha hazitoshi, tumia wavu wa nusu inchi kwa mita moja ya chini na ule wa bei nafuu juu. Kufuli iwe ya ndani ya kitasa cha chuma, na taa moja ya nje iwekwe mahali inapoangaza mlango bila kuangaza ndani ya banda.

Paa ni jambo la pili kwa uzito baada ya sakafu. Bati tupu lililopigwa na jua la saa saba mchana humwaga joto juu ya mgongo wa kuku, hata kama pembeni pako wazi. Njia ya kwanza ya kulipunguza ni kuliinua: upande wa juu uwe mita 2.8 na wa chini mita 2.2. Ya pili ni kupaka bati chokaa au rangi nyeupe kwa juu, kazi ya nusu siku ambayo tunashangaa kwamba wachache huifanya. Ya tatu ni kutandika makuti juu ya bati, na huo ndio mchanganyiko tunaoupenda zaidi kwa pwani, kwa kuwa bati huzuia mvua na makuti hulikinga bati na jua. Makuti peke yake hupoza vizuri, lakini yana kasoro ya kuwapa panya, nyoka na utitiri mahali pa kujificha, na huhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Mwembe wako ni msaada mkubwa, kwa kuwa utakukingia jua la alasiri. Punguza tu matawi yanayogusa paa, ambayo panya huyatumia kama njia, na yale ambayo ndege hulala juu yake.

Mwinamo wa paa uelekee kusini, na paa lichomoze kwa sentimita 80 hadi 90 upande huo, kwa sababu mvua za masika huja zikisukumwa na kusi na hupiga ubavu huo kwa mshazari. Upande wa kaskazini sentimita 60 zinatosha. Weka mfereji wa bati upande wa kusini, maji yaende kwenye pipa au yapelekwe mbali na msingi. Kwa siku za dhoruba, shona viroba vitupu au ununue turubai, ulifunge kwenye fito ili liwe pazia la kukunja. Lifungwe kuanzia chini na kupandishwa kadiri ya mvua, likibakiza wazi sehemu ya juu ili hewa chafu iendelee kutoka. Mvua ikikatika literemshwe siku hiyo hiyo. Tumeona mabanda mazuri yaliyogeuzwa kuwa tanuri na turubai lililofungwa Aprili na kusahauliwa hadi Agosti.

Ndani, mambo hayana uzito wa kutuchukua muda mrefu. Fito za kulalia ziwe tatu, zenye urefu wa mita 2.5 kila moja, kando ya ukuta wa magharibi. Ukihesabu sentimita 20 kwa kila kuku, zinawatosha wote 35. Ziwe na unene wa kushikika kwa vidole vya kuku, kama sentimita 5, zilainishwe zisiwe na ncha, na zote ziwe kimo kimoja, kama nusu mita kutoka sakafuni, ili kusiwe na ugomvi wa kugombea fito ya juu. Viota saba vinatosha, vya sentimita 30 kila upande, vikiwa penye kivuli na chini ya kimo cha fito, kwa sababu kuku hutafuta mahali pa juu pa kulala, na kiota kikiwa juu ya fito kitajaa kinyesi kila asubuhi.

Matandiko yawe ya pumba za mpunga, kina cha sentimita 10. Maranda kutoka kwa maseremala yanafaa pia, lakini uliza kwanza kama mbao zilipakwa dawa, na usikubali unga wa msumeno, ambao vifaranga huula wakidhani ni chakula. Geuza matandiko kwa reki kila wiki. Ili kujua hali yake, chukua konzi moja uikamue: yakishikamana yamezidi unyevu, yakitimka vumbi yamekauka kupita kiasi. Sehemu iliyolowa iondolewe mara moja bila kungoja siku ya usafi. Karibu kila mara sehemu hiyo huwa chini ya chombo cha maji, kwa hiyo vyombo vya maji vining'inizwe kimo cha mgongo wa kuku na chini yake kuwe na fremu ya wavu yenye kokoto. Kuku mmoja mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku ya kawaida, hivyo 35 watahitaji karibu lita 9, na kwenye joto la Januari na Februari kiasi hicho kinaweza kufika maradufu. Kaa na maji ya akiba kwa siku ambazo mgao wa maji unaukumba mtaa.

Kuhusu jirani, harufu inayoleta ugomvi hutoka kwenye matandiko yaliyolowa, na kwa banda hili haitakuwa kero ukiyatunza. Kelele ni suala la jogoo. Mitetea hutaga bila jogoo, naye huhitajika pale tu unapotaka mayai ya kutotolesha. Kwa kuwa lengo lako ni mayai ya kula, usimweke, na jirani yako atalala. Mpelekee habari kabla ya tofali la kwanza kushushwa, na upite ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na kwa afisa mifugo wa kata ili ujue masharti ya sheria ndogo za halmashauri yako kuhusu ufugaji wa mjini.

Swali: Nina banda la tofali lililozibwa kote, lenye madirisha mawili ya futi mbili, ninamofuga kuku wa kienyeji 40. Ukiingia asubuhi macho yanawasha, na baadhi ya kuku wanakoroma na kutoa kamasi. Sina uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Nifanyeje?
— *Msomaji wa kike, Goba*

Jibu: Dada, pole sana. Huna haja ya kubomoa lote. Mwite fundi aondoe kozi za tofali kwenye kuta mbili zinazotazamana, kuanzia kozi ya tatu kutoka sakafuni hadi chini ya lenta au boriti inayobeba paa, akiacha nguzo za tofali kwenye pembe na katikati, kisha aweke nondo na wavu mahali palipofunguka. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, fungua zile za kaskazini na kusini. Kuta mbili zinazotazamana ni lazima. Kuufungua mmoja tu hakutakusaidia. Kama tofali zimejengwa kwa namna ambayo paa linazitegemea, fundi atangulize nguzo za mbao au za bomba kabla ya kugonga tofali la kwanza, na kuku wahamishwe siku hiyo.

Kazi hiyo ikisubiri fedha, leo hii ondoa matandiko yote, acha sakafu ikauke, na uweke mapya makavu. Ukichutama kwenye kimo cha kuku na macho yakawasha, amonia imeshazidi. Pua ya mtu aliyezoea banda lake haisikii mapema, kwa hiyo mwombe mgeni akuambie. Hesabu pia eneo la banda, na kama kuku ni zaidi ya watano wazima kwa mita moja ya mraba, wapunguze.

Wanaokoroma watenge sasa hivi, na umwite daktari wa mifugo awaone kabla hujanunua dawa yoyote dukani. Kamasi na kukoroma huweza kuwa mafua ya kuku, lakini huweza pia kuwa dalili ya mdondo, ambao baadhi yetu tunauita kideri, na huo hauna tiba. Banda zuri halichukui nafasi ya chanjo. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani na hivyo kufaa kwa mazingira yetu, hutolewa kwa tone moja la jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku wanaougua wasichanjwe mpaka daktari aseme.

Swali: Ninapanga chumba Mbagala, na mwenye nyumba ameniruhusu niweke kuku sita uani mradi nisijenge kitu cha kudumu. Ua tunautumia wapangaji wanne. Je, inawezekana?
— *Mama wa mtoto mmoja, Mbagala*

Jibu: Inawezekana, na kwako wewe kichanja cha mbao kinafaa kuliko banda la sakafu. Seremala akutengenezee kibanda cha urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1.2, chenye miguu ya kimo cha sentimita 80, ili uweze kufagia chini yake kwa urahisi. Sakafu iwe ya fito nyembamba zilizoachana kwa sentimita 2, kinyesi kidondoke chini kwenye plastiki ngumu au bati ambalo utaliondoa kila asubuhi kabla wenzako hawajatoka kufua. Pande mbili ziwe wazi kwa wavu, na ule unaopigwa na jua la jioni uzibwe kwa mbao. Kiota kimoja au viwili viwekwe pembeni kwa nje, vikiwa na mfuniko wa kuinua, ili uchukue mayai bila kufungua mlango.

Mwambie seremala aunganishe kuta kwa bolti badala ya misumari. Siku ukihama utafungua kuta nne, paa na miguu, vikapakiwa kwenye bajaji ya mizigo bila kuvunjika.

Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, kwa sababu siafu wakiingia usiku kwenye kibanda kidogo kuku hawana pa kukimbilia. Usikiweke juu ya mfuniko wa chemba wala chini ya bomba la kufurikia la tanki la maji. Kiwe angalau hatua chache kutoka dirisha la mpangaji yeyote, na uwaoneshe wenzako watatu mahali hapo kabla ya kumlipa seremala.

Ukipata vifaranga, wasitoke nje ya wavu mpaka wakomae. Kunguru wetu wa Dar, waliotokea Bara Hindi wakaletwa kwanza Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawaogopi watu, na hubeba kifaranga mbele ya macho ya mama yake. Kipande cha wavu wa kuvulia samaki kilichochakaa, kikitandazwa juu ya sehemu unapowalisha, kinatosha kuwazuia.